Kijitabu cha Chai Mnadani

Mnada wa sadaka ulikuwa umechangamka nje ya kanisa la Kilutheri, juu huko milimani, karibu na kiwanda cha chai cha Mponde. Kuku wameshauzwa, miwa imeshauzwa, mzee wa kanisa akainua kijitabu. Ilikuwa makala ya Mwalimu Elisante kuhusu ugonjwa wa chai, iliyotoka kwenye jarida la mtandaoni la Ulaya. Mwenyewe kaitafsiri kwa Kiswahili, kaitoa sadaka, na sasa alikuwa benchi la mbele, amejaa fahari kama bwana harusi.

"Tunanunua sisi!" alisema Mama Sesilia, mwenyekiti wa wakulima wadogo. "Tangu mambo ya soko huria, bwana shamba wa serikali haonekani tena. Tutatoa kopi, kila mkulima awe nayo."

Klara, mkutubi wa chuo anakofundisha Elisante, alimnong'oneza mwalimu: "Hakimiliki ulibaki nayo?"

"Jina langu si liko pale juu?"

"Jina ni lako, makala ni yao. Siku ile ulipowatumia kule intaneti kafe, ulibonyeza 'Nakubali' kwenye mkataba wao bila kusoma, ukiogopa mtandao utakatika. Uliwakabidhi yote, hata tafsiri. Hawa wakitoa kopi, utakuwa umewaponza."

Msomi mzima! Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Amemtolea Mungu mali ya watu, na kanisa zima linamtazama. Badala ya kusema, akaona afadhali ujanja: akapandisha dau ili akinunue mwenyewe. Sesilia akapandisha. Elisante akapandisha tena, jasho likimtoka, watu wakicheka kwamba mwalimu anajinunua mwenyewe. Mwisho Sesilia akashindwa, akaketi, na Elisante akashusha pumzi.

Kumbe kasahau desturi. Mnadani pale, mwenye uwezo akishinda humzawadia mwingine alichonunua.

"Mwalimu anampa nani?" aliuliza mzee wa kanisa.

"Mama Sesilia!" waliitikia wote, vigelegele vikapigwa. Sesilia akaja amenyoosha mikono miwili.

Elisante alikikumbatia kijitabu. "Siwezi, mama. Si changu. Wenye jarida niliwapa haki zote." Vigelegele vilikatika. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mikono ya Sesilia ilibaki hewani. "Lakini mwalimu, humo si uliandika yale tuliyokueleza shambani?"

"Ndiyo, mama."

"Basi waandikie hao wenyewe. Waambie Sesilia anaomba ruhusa ya kusoma aliyoyasema."