Nani Kampigia Pasi Mwanangu?

Mama Dobi alikuwa na pasi nne na mtoto mmoja. Pasi zilipumzika kwa zamu. Mtoto hakuwahi kupumzishwa.

Tangu mumewe alipofariki, kijana akiwa na miaka mitano, mwanamke huyu alikuwa akifua na kunyoosha nguo za nusu ya mtaa katika chumba cha mbele cha nyumba yake, huku akimlea mwanawe. Alijua viatu vyake huisha soli upande gani. Alijua akikohoa mara mbili ni vumbi, akikohoa mara tatu ni homa. Kijana alipopata nafasi ya chuo, mji wa mwendo wa saa tatu kwa basi, majirani walimpongeza mama kana kwamba yeye ndiye anayekwenda kusoma, naye hakuwasahihisha.

Tangu wiki ya kwanza alimpigia simu kila asubuhi saa kumi na mbili kumwamsha. Wiki ya pili alimpigia mlezi wa bweni, akataka kijana ahamishwe kitanda, maana kile cha juu kina upepo. Wiki ya nne aliingia ofisini kwa mhadhiri wa hesabu, mkoba begani, akajitambulisha: "Mimi ndiye mama yake. Akisinzia darasani, nipigie mimi." Na kila baada ya Jumamosi moja alipanda basi na furushi la nguo safi, akarudi na furushi la nguo chafu.

"Mwanangu havai nguo iliyopita mikononi mwa mtu mwingine," aliwaambia wateja, nao walitikisa vichwa. Wengine walitikisa kwa heshima, wengine kwa sababu nyingine.

Jumamosi moja, mwezi wa pili ukielekea ukingoni, alimkuta kijana anamsubiri nje ya lango la bweni. Zamani alikuwa akimsubiri ndani.

"Mama, wiki hii sina nguo chafu."

"Huna? Wiki mbili nzima ulikuwa unatembea uchi?"

Kijana alicheka kidogo, akatazama chini. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye nembo ya idara yake kifuani, shati jipya ambalo Mama Dobi hakuwahi kulitia machoni. Mama alinyoosha mkono kulisawazisha begani, kama ilivyo desturi yake, na hapo vidole vyake vikasimama. Mkono wa shati haukuwa na mstari.

Madobi wengi hukandamiza mkono wa shati ukiwa umelala bapa, ukabaki na mstari mkali kutoka begani hadi kwenye kifundo. Mama Dobi hakufanya hivyo. Marehemu mama yake alimfundisha kuviringisha taulo, kulisukuma ndani ya mkono wa shati, na kupiga pasi kwa kuzungusha. "Nguo isiseme ililala wapi," marehemu alikuwa akisema. Kazi hiyo ina taabu, na watu wawili tu duniani walikuwa bado wanaifanya. Mmoja alikuwa amesimama pale langoni, ameshika mkono wa mwanawe. Wa pili alikuwa mdogo wake, muuguzi, aliyeishi mitaa miwili kutoka chuoni.

"Shati limekupendeza," alisema Mama Dobi. "Unaelekea wapi sasa?"

"Maktaba, Mama. Kuna kazi ya kukusanya Jumatatu."

Aliagana naye haraka mno. Kijana alipopotea kwenye kona, mama hakwenda kituo cha basi.

Njiani kwenda kwa muuguzi kijiba cha roho kilimpanda. Alimwona mdogo wake akilini, na vidole vyake vyembamba visivyo na alama za kuungua, ameshika shati la mwanawe. Aliona wanavyokaa, wanavyocheka. Ni kweli, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mdogo wake, "Umwangalieangalie mwanangu, likitokea jambo." Alikuwa na maana ya jambo la hospitali. Hakuwa na maana ya mashati.

Alibisha hodi mara moja na kuingia bila kungoja karibu.

Mdogo wake alikuwa ametoka zamu, amevaa kanga na soksi, miguu juu ya kigoda. "Dada! Mbona hukusema unakuja? Karibu ukae."

"Sikai. Tangu lini unamfulia mwanangu?"

"Simfulii."

"Usinitanie. Mkono wa shati nimeuona. Mama yetu alitufundisha wawili, si watatu."

Muuguzi aliteremsha miguu taratibu. "Sasa tuko watatu. Anafua mwenyewe kwenye beseni pale nje, anapiga pasi mwenyewe juu ya meza ile. Alikuja akaomba nimwonyeshe. Mara mbili tatu aliunguza kitambaa cha meza, ndiyo hivyo."

"Akakuomba wewe! Mimi nina miaka kumi na mitano nashika pasi, mtoto anakwenda kujifunza kwa mtu wa sindano!"

"Dada, keti."

"Na mengine gani anakuomba? Mengine gani anakuambia ambayo mimi sijui?"

Mdogo wake alikawia kujibu, na kukawia kule ndiko kulikomtoboa Mama Dobi. Mtu asiye na la kuficha hujibu upesi.

"Niambie."

"Ni lake la kusema, si langu."

"Mwanangu huyo! Ungetaka wa kukuambia siri, ungezaa wako!"

Neno likishatoka halirudi. Muuguzi hakulia, wala hakupandisha sauti. Alisimama, akaenda kufunga dirisha ambalo halikuhitaji kufungwa, akarudi, akakaa palepale.

"Sikuzaa," alisema. "Unajua nilivyotafuta, maana ni wewe uliyekuwa unanisindikiza kwa madaktari. Sijamchukua mwanao, dada. Nimemfungulia mlango tu alipogonga."

Mama Dobi aliketi. Alitaka kuomba radhi, na wakati uleule alitaka kuuliza aligonga lini, mara ngapi, saa ngapi. Kabla hajajua lipi litangulie, mlango uligongwa kweli.

Alikuwa ni kijana, na begani alikuwa na mfuko wa nguo chafu.

Uso wake ulianza na tabasamu, tabasamu ambalo mama yake alikuwa hajaliona tangu alipoanza chuo, halafu akamwona nani amekaa kwenye kochi. Lile tabasamu lilizimika kama taa umeme unapokatika. Katika yote yaliyompata Mama Dobi siku ile, hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Maktaba yenyewe ndiyo hii?" aliuliza.

"Mama..."

"Na nguo ulizosema huna?"

Kijana aliweka mfuko chini. Alimtazama mama mdogo, naye akainua mabega kumwambia kwamba hakusema kitu. Basi akavuta kiti, akakaa mbele ya mama yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Nilifeli jaribio la kwanza la hesabu. Thelathini na moja kwa mia. Nikataka kuacha chuo. Nilikaa hapa siku tatu, sikuingia darasani."

"Siku tatu zipi? Nilikupigia kila asubuhi."

"Nilipokea nikiwa kwenye hilo kochi ulilokalia."

Mama Dobi alitazama kochi kana kwamba nalo limemsaliti. "Na wewe," alimgeukia mdogo wake, "ulifanya nini?"

"Nilimpa blanketi. Nikamwambia asiamue kitu mpaka Jumatatu. Jumatatu akaamka, akarudi darasani."

"Basi? Hukuzungumza na mhadhiri? Hukutafuta mtu?"

"Amejitafutia mwenyewe kundi la kusoma nalo. Jaribio la kurudia ni mwisho wa mwezi ujao."

"Kwa nini hukuniambia mimi, baba?" Sasa sauti ilimvunjika. "Mimi ndiye mama yako."

Kijana alisugua viganja. "Nikikuambia unapanda basi, Mama. Ulipotoka ofisini kwa mhadhiri, darasa zima lilikuwa limekuona. Unajua wananiitaje? Kifurushi."

"Kifurushi?"

"Kwa sababu naletwa na kuchukuliwa."

Mama mdogo alikohoa ili asicheke, akakimbilia jikoni kubandika maji ya chai. Huko jikoni alikawia kuliko chai yoyote inavyohitaji.

Kijana aliubeba mfuko, akatoka nje, akafua, akaanika, na jua lile la mchana likakausha nguo kwa muda mfupi. Alirudi na shati la kwanza, akatandika blanketi mezani, akachomeka pasi. Mama Dobi alitazama. Kijana alianza na mwili wa shati badala ya kola, na huko ni kujitafutia kazi mara mbili. Hakunyunyiza maji ya kutosha. Taulo alilisukuma mkononi vizuri, kwa kweli, lakini alipofika kwenye kola alikandamiza kutoka katikati kwenda kwenye ncha, kitambaa kikakimbia, kikafanya kijikunjo.

"Mama mdogo," aliita kuelekea jikoni, "hapa kwenye kola inakuwaje?"

Fundi yuko hatua mbili kutoka kwake, naye anamwita muuguzi! Mama Dobi alihisi uso unawaka.

"Mimi sijui sana," sauti ilijibu kutoka jikoni. "Fundi si huyo hapo?"

Kijana alimtazama mama yake, pasi mkononi, akisita. "Nikikuuliza utaninyang'anya."

Alisema kweli. Tayari mama alikuwa ameinuka nusu, mkono wa kulia umeshatangulia. Mama Dobi aliuona mkono wake mwenyewe hewani. Akakaa tena, akaingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja, akavikalia.

"Sikunyang'anyi. Anza kwenye ncha, uje katikati. Kwanza upande wa ndani. Vuta kwa mkono wa kushoto, taratibu... si hivyo, umevuta sana. Haya. Hivyo."

Kola haikutoka kama yake. Ilitoka kama ya mtu aliyejifunza leo. Viganja vilimwasha chini ya mapaja mpaka shati la nne, ila hakuvitoa.

Alipokuwa anaondoka, mdogo wake alimsindikiza hadi kituoni. Mama Dobi alimwomba radhi kwa lile neno, bila kuzungukazunguka. Muuguzi alisema, "Limeuma," kisha akasema, "Yamekwisha," na yote mawili yalikuwa kweli. Kabla basi halijaondoka Mama Dobi alitoa kichwa dirishani: "Lakini bado nakuonea wivu, nisikudanganye."

"Najua, dada. Funga dirisha, vumbi."

Akaacha simu za asubuhi. Haikuwa rahisi, siku za mwanzo saa kumi na mbili ilimkuta ameshika simu, akaiweka ndani ya ndoo ya vibanio vya nguo ili asiione. Alijiwekea Jumapili jioni tu, na hapo akajilazimisha kuuliza, "Habari za huko?" kisha kunyamaza. Alishangaa kimya kilivyoleta maneno. Kijana alimsimulia habari za mwenzake anayeimba usingizini, na za daraja ambalo darasa lao lilijenga kwa vijiti likavunjika kwa uzito wa tofali moja.

Mwisho wa mwezi ukapita. Alhamisi, saa mbili asubuhi, simu iliita yenyewe.

"Mama, hamsini na nne. Nimefaulu."

Alitaka kupiga kelele, na alipiga. Mteja aliyekuwa akisubiri suruali alirudi nyuma hatua moja. Kisha, kabla hajajizuia: "Mama mdogo ameshajua?"

"Ameshajua, Mama."

"Kuna jambo unataka nifanye?"

"Hapana. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu."

Alipokata simu alimpigia mdogo wake papo hapo. "Wewe alikuambia lini?"

"Jana saa nane mchana."

Mama Dobi alihesabu kwa vidole. "Umenitangulia kwa saa kumi na nane."

"Mara ile nilikutangulia kwa wiki tatu," alisema mdogo wake. "Unakuja kasi."

Mama Dobi hakucheka, kwa sababu halikumchekesha. Lakini aliuliza kijana alisema nini hasa, kwa maneno gani, naye mdogo wake akamsimulia tangu mwanzo, bila kuruka kitu, huku mteja wa suruali akitafuta kiti cha kukalia.