Pointi Zisipotee

Asubuhi ya mtihani wa kemia, Clodagh Feeney alikula mkate na siagi, akanywa chai, akanawa mikono iliyokuwa bado inanuka kondoo, kisha mama yake akampeleka shuleni kwa gari. Jua lilikuwa kali. Kilbarra, magharibi mwa Ireland, mvua hukatika siku mtihani wa mwisho wa sekondari unapoanza na hurudi siku unapokwisha, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Mtihani huo ndio mlango wa kila kitu. Gredi hugeuzwa pointi, pointi hujumlishwa, na kila kozi ya chuo ina kiwango chake, ambacho hupanda kadiri wanaoitaka wanavyoongezeka. Clodagh alitaka kuwa daktari wa mifugo, hakutaka kingine. Tangu utotoni alikuwa akizalisha kondoo wa baba yake, ila kuzalisha kondoo hakuna pointi.

Rory Prendergast, mtoto wa wakili, alikuwa akipelekwa tuisheni mjini Galway kila Jumamosi kwa walimu hodari wa kubashiri maswali. Attracta, mama yake Clodagh, hakuwa na uwezo huo, akasali novena, sala ya siku tisa, kwa Mtakatifu Yosefu wa Kupertino, msimamizi wa watahiniwa huko mbinguni. Enzi za uhai wake mtakatifu huyo alikuwa mzito wa masomo, lakini kwenye mtihani aliulizwa jambo moja tu, lile alilolijua. Pia alikuwa akielea hewani akisali. Wanawake wa Kilbarra wanajua kwamba ukimwomba lazima utaje unataka kipi. Attracta alikuwa amechoka siku ile. Alisema tu, "Mpe binti yangu ulichopewa wewe," akawasha mshumaa na kwenda kupika viazi.

Clodagh alianza kupanda akiwa kwenye swali la mwisho. Viatu viliacha sakafu, magoti yakagonga meza kwa chini, kisha mwili mzima ukaponyoka kitini. Jibu alikuwa analijua. Alinyoosha mkono, kalamu isifike kwenye karatasi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na kuinama ndiko kulikomshinda: kila alipojaribu alipinduka miguu juu.

Msimamizi wa ukumbini, Bwana Tierney, alimjia kwa hatua za taratibu ili asiwasumbue wengine.

"Unataka kwenda chooni?"

"Hapana, bwana. Nipe tu hicho kijitabu cha majibu nimalizie."

"Kijitabu hakiondoki mezani, binti. Kanuni."

"Basi nivute mguu."

"Mtahiniwa haguswi." Akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Ungeomba mapema. Mwaka jana kijana mmoja alikuwa haoni vizuri, akapewa maandishi makubwa. Aliomba kabla ya Krismasi."

Akafunga dirisha la juu ili Clodagh asipeperuke. Clodagh alibaki darini mpaka muda ulipokwisha, akitazama utosi wa Rory, aliyekuwa akiandika jibu alilolikariri Galway.

Attracta alimsubiri langoni na kamba ya ndama. Akamfunga kiunoni, akamvuta hadi garini.

"Nilisahau kutaja," alisema.

"Najua, mama."

Walimuuliza padri kama kipaji hurudishwa. Padri alisema mpewa hapokonyeki, akawapa biskuti.

Matokeo yalitoka Agosti. Clodagh alipungukiwa pointi kumi na moja, sawa na gredi moja ya somo moja. Alikata rufaa, karatasi ya kemia ikasahihishwa upya, akajibiwa kwamba jibu la mwisho lilikuwa sahihi hadi pale lilipoishia. Mwalimu mshauri, Bibi Halloran, alimweka ofisini kwake, kamba ikiwa imefungwa kwenye mguu wa meza, akamwambia njia ni nyingi. Kulikuwa na chuo cha Budapest, kwa wenye nazo. Kulikuwa na kurudia mwaka, ilmradi mtahiniwa akae kitini. Kuhusu msaada maalumu, alikuwa ameshauliza: kuelea si hali inayotambuliwa.

Rory alipata pointi tele. Mbwa akimbwekea alikuwa akihamia upande wa pili wa barabara, na alichokipenda ni useremala. Lakini Kilbarra kupoteza pointi ni kama kumwaga maziwa mbele ya mtoto mwenye njaa. Mama yake alisema zisipotee, mwalimu mkuu akasema zisipotee, hata muuza nyama akasema. Rory akachukua udaktari wa mifugo, maana ndio uliokula pointi nyingi zaidi. Alikwenda kumuaga Clodagh.

"Mimi nilitaka useremala, unajua."

"Kasomee useremala, basi."

"Na pointi?"

"Ziache."

Rory alimtazama kama aliyetukanwa. "Haziachwi hizo, Clodagh. Watu watasemaje?"

Inatia kichefuchefu, na afadhali isemwe. Mji mzima ulimwona msichana akielea kamba kiunoni, ukamwona mvulana akipelekwa kwenye kazi inayomtisha, na kilichousumbua mji ni pointi.

Majira ya kuchipua, wanafunzi wa udaktari wa mifugo hutumwa mashambani kuzalisha kondoo. Rory alitumwa kwa akina Feeney. Jioni ya kwanza, bandani, kondoo jike mmoja alikwama, mtoto kakaa vibaya, na baba yake Clodagh alikuwa mnadani. Rory aliingiza vidole viwili, akavitoa, akatapika kwenye nyasi kavu.

"Nishike miguu," Clodagh alisema kutoka juu, alipokuwa amefungwa kwenye boriti. "Nishushe kichwa chini. Usiniachie."

Rory alifungua kamba, akamshika vifundo vya miguu, akamshusha huku akitazama ukutani. Clodagh akaingiza mkono, akaugeuza mguu wa mbele uliopinda, akasubiri mama mtu asukume, akavuta. Kitoto kilianguka kwenye nyasi, kikapiga chafya.

"Asante," alisema Rory, akamwachia ili akanawe mikono. Clodagh alipanda polepole mpaka kwenye bati, mikono imejaa damu. Chini, mama alikuwa akimlamba mwanawe.

Chuoni, Rory alihesabiwa kondoo mmoja aliyezalishwa bila msaada.