Njia Isiyokata Kona

Jana mchana, supu ya uyoga ikiwa bado ya moto tumboni, usingizi ulinipitia, nikaota ndoto ambayo mpaka sasa naisimulia nikiwa nimeshika meza.

Kwanza mnijue. Mimi ni Shemdoe, mzaliwa wa Lushoto, na huu ni mwaka wa kumi na moja naishi Jeseník, wilaya ya milima iliyojikunyata mpakani mwa Ucheki, mgongo imeipa Poland. Kila kiangazi mimi na baba mkwe wangu, Mzee Bohumil, hupanda mlimani na makopo ya rangi kuchora alama za njia kwenye miti: mstari mweupe, mwekundu, mweupe. Njia inapokata kona unachora mshale. Watu wa huku huziamini alama hizo kuliko macho yao, maana ukungu ukishuka hakuna kingine cha kuamini.

Jumamosi iliyopita mvua ilinichosha. Kwenye njia panda ya juu sikuchora mshale. Baba mkwe, ambaye siku hizi haoni vizuri, aliniuliza, "Umechora?" Nikamjibu, "Nimechora, Baba." Wala sikumeza mate.

Sasa ndoto yenyewe. Niko jikoni kwangu. Zdena, mke wangu, anamenya viazi.

"Baba alitoka asubuhi kwenda kukagua njia," anasema. "Hajarudi. Njia imenyooka."

Nachungulia dirishani. Kweli kabisa. Ile njia nyekundu haikukata kona. Imetoka mlimani moja kwa moja, imevuka bonde hewani, imeingia dirisha la jirani na kutokea la upande wa pili, na jirani anaifagia bila wasiwasi. Moyo ukanilipuka. Mzee Bohumil hajawahi kuiacha njia yenye alama, hata kwenda kujisaidia. Ataifuata mpaka miguu imwishie, na aliyempoteza ni mimi.

Nilitoka mbio. Mwisho wa mji wilaya ilikuwa na mlango, na mbele ya mlango palikuwa na zulia dogo la kufutia miguu. Kwenye kigoda alikuwa amekaa Praděd, mlima mrefu kuliko yote huku, ambaye jina lake maana yake ni baba yake babu. Kichwani alikuwa na mnara wake wa televisheni.

"Viatu," akasema.

Kwamba hapa huingii nyumbani kwa mtu na viatu, hilo nalijua tangu siku ya posa. Lakini sikujua kwamba hata msitu ni sebule.

"Shikamoo, Babu. Baba mkwe wangu anapotea!"

"Marahaba. Viatu."

Nikavua. Akanipa ndala laini za nyumbani, namba thelathini na nane. Mimi navaa arobaini na nne. Nikakimbia hivyo hivyo, visigino vikiburuta kwenye majani ya misonobari.

Pale mpakani, jiwe jeupe la mpaka lilikuwa linakula mkate na jibini.

"Umemwona mzee mwenye kofia ya kijani?"

"Amepita saa tatu."

"Mbona hukumzuia?"

"Nimzuie kwa lipi? Kazi yangu ni kuwaambia watu kwamba huku ni Ucheki na kule ni Poland." Likapangusa makombo. "Aliniuliza mshale uko wapi. Nikamwambia hakuna. Akasema haiwezekani, mkwe wake amesema ameuchora."

"Alisema hivyo?"

"Mara mbili. Kisha akanyoosha mbele."

Nilishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka. Angenitukana, ningevumilia. Lakini kuniamini mbele ya jiwe!

Ukungu ukashuka. Naenda kwa kupapasa, alama hadi alama: gome, gome, gome, halafu kitu laini. Nasogeza uso. Ni jani la mgomba. Mweupe, mwekundu, mweupe. Ukungu ni ule ule, baridi ni ile ile, ila mteremko huu ni wa kwetu Lushoto, na ndala zangu zimejaa udongo mwekundu. Nilipiga ukelele. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kapu la peasi akaniambia nisimtishie wateja.

Njia iliishia mlangoni kwa mama yangu.

Mama na Mzee Bohumil hawajawahi kuonana, kwa sababu mzee anaogopa ndege na mama anaogopa baridi ya watu wengine. Sasa wamekaa jikoni bega kwa bega. Mama anaongea Kisambaa, mzee anajibu Kicheki, na wanaelewana vizuri tu. Wanachozungumza ni tabia yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Funga mlango, ukungu unaingia." Alikuwa anaikanda miguu ya mzee kwa maji ya chumvi, na ilikuwa imevimba vibaya. "Tazama miguu ya mkwe wangu. Ametembea tangu alfajiri. Anasema alinyimwa kona."

Mzee aliniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Shemdoe. Ule mshale uliuchora?"

"Sikuchora, Baba. Mvua ilinichosha, nikakudanganya."

Kisha mama akainama, akamnong'oneza mzee sikioni. Mzee Bohumil, ambaye hata harusini kwetu alitabasamu kwa kubana matumizi, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Umemwambia nini, mama?"

Mama akaendelea kuikanda miguu.

Nikazinduka. Nilikuwa kwenye kochi, shati limelowa jasho. Mzee Bohumil amesimama miguuni pangu, kofia kichwani, kopo la rangi nyekundu mkononi. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka kumi na moja amejifunza neno moja tu la Kiswahili, nalo ni "asante", na hulitumia hata anapoaga.

Nilipokuwa mdogo, kila nilipotumwa kitu nilikuwa na jibu moja, mpaka mama akalifanya jina langu. Huku Jeseník sijamwambia mtu jina hilo. Hata Zdena halijui, kwa sababu linanitia haya.

"Inuka, Bado Kidogo," akasema mzee, kwa Kiswahili safi. "Mshale haujichori."