Kunguru Amekataa Kula

Shangazi alisimama mlangoni mwa jiko langu, mikono kiunoni, kana kwamba mgeni ni mimi.

"Leo hukanyagi humu."

"Shangazi, hili ni jiko langu."

"Ndiyo. Na ulimi ni wako pia. Huo ndio ninaouogopa."

Mimi ni mpishi wa kantini ya kiwanda. Kutwa nzima nachovya kijiko, naonja, naongeza, naonja tena. Mkono unajiendea wenyewe. Na chakula tunachowapa marehemu wetu hakionjwi. Wao ndio wa kwanza. Aliye hai akitangulia kukigusa kwa ulimi, kimeshakuwa makombo, na mzazi hapewi makombo.

Mama alikuwa ametimiza mwaka tangu atutoke, na siku hiyo ndiyo ya kumlisha kwa mila yetu. Ombi langu lilikuwa moja, na nilikuwa nimelirudia mpaka Shangazi akaanza kunikwepa: nimlishe mama kwa mkono wangu. Si mimi niliyemlisha figo zilipomshinda? Daktari alikataza chumvi kabisa, na mama akawa mwizi wa chumvi. Nilikuwa nikiificha, anaipata. Kila mlo ulikuwa ugomvi.

"Uji gani huu, kama maji ya kuoshea mchele!"

"Kula, mama."

"Kula wewe."

Vita vyote vile, halafu leo naambiwa hii ni kazi ya mtoto wa kiume.

Mtoto wa kiume mwenyewe alifika amechelewa, simu sikioni. Kaka anauza bima, na wateja wake hawaishiwi na mikasa. Kuhani alikuwa ameshakaa sebuleni na vyombo vyake, uso ameukunja.

"Vipi, Chifu wa Masufuria," Kaka alinitania. "Mbona umenuna? Umefukuzwa jikoni?"

"Vaa pete yako unyamaze."

Pete ilikuwa ya majani makavu yaliyosokotwa. Aliivaa, akaketi akielekea kusini, upande waliko waliotutangulia. Shangazi akaleta wali, Kaka akauchanganya na ufuta mweusi na kufinyanga mabonge: la mama, la bibi mzaa baba, na la mama mkwe wa bibi huyo. Alifinyanga kama mtu anayekunja soksi. Bonge la mama likapasuka katikati. Vidole vyangu viliniwasha. Kuhani akasoma, Kaka akafuatisha, akataja jina la mama huku akiyamimina maji yapite kando ya kidole gumba. Hapohapo simu ikatetemeka mfukoni mwake.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Sijaigusa!"

"Umeitazama."

"Jamani," kuhani akasema, "marehemu anawasikia."

"Ametuzoea," Kaka akajibu.

Ikabaki sehemu ya kunguru. Kwetu kunguru ndiye anayewapokelea marehemu. Akila, wao wamekula. Shangazi alipakua wali wa maziwa aliopika mwenyewe, akauweka juu ya jani, tukapanda nao darini juu ya nyumba, penye kamba za nguo. Kunguru wa pale hawana haya. Wanaiba mpaka sabuni. Mmoja akatua, akadonoa mara moja, akatikisa kichwa kama mtu aliyemwagiwa maji, akaruka zake. Akaja mwingine. Naye vilevile. Wengine wakajipanga ukutani wakitutazama tu.

"Mama yenu ana neno moyoni," Shangazi alinong'ona. "Hajaridhika. Mwahidini kitu."

Kaka akakohoa. "Mama, mwaka huu naoa."

Hakuna kunguru aliyesogea.

"Hajakuamini," nikasema.

"Wifi yangu," Shangazi akasema kwa sauti ya chini sana, "lile sufuria lako la shaba nitalirudisha."

"Kumbe unalo wewe! Nimelitafuta mwaka mzima!"

"Si nimesema nitalirudisha?"

Kunguru hawakugusa kitu. Kuhani akatazama saa. Nyumba nyingine ilikuwa ikimsubiri. Akatuambia tuvumilie, watakula tu, akashuka. Simu ya Kaka ikatetemeka tena. Safari hii aliipokea, akaziba sikio la pili, kisha akanitazama kwa huruma ya mtu anayekaribia kukimbia.

"Mteja kagongewa gari. Sichelewi kurudi."

"Nenda. Si umeshamaliza kumlisha?"

Nilibaki na Shangazi na lile jani. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Mwaka mzima nimeisubiri siku hii, na mama amekaa na njaa juu ya dari yangu, na mimi mpishi nimefungwa mikono! Nikapiga magoti. Kunguru walikuwa wameshadonoa. Mimi sikuwa wa kwanza tena. Nikachovya kidole.

Chumvi. Chumvi tupu, mpaka ulimi ukakunjamana.

"Shangazi, sukari umeitoa wapi?"

"Kwenye kopo la sukari. Lile la juu, nyuma ya ungo."

Nilikaa chini kabisa. Nilipoishiwa na maficho, chumvi niliitia kwenye kopo lile, mahali ambapo mama asingefikiria kuitafuta. Sukari nikaihamishia kwenye mtungi wa kioo. Mama alipoondoka sikurudisha kitu.

"Tumempa chumvi," nikasema.

Shangazi akachovya kidole chake, akaonja, akakunja uso. Kisha akakaa kando yangu. "Wifi yangu, masikini. Alivyokuwa anaipenda."

"Na akiwa hai nimemnyima kila siku."

Shangazi alilikunja lile jani na vilivyomo. "Nenda kapike."

"Na Kaka?"

"Kaka yako yuko kwa mteja. Mama yako ana njaa."

Nilipika. Safari hii Shangazi alisimama nje ya kizingiti. Maziwa yalipokuwa mazito, mkono wangu ukainua kijiko wenyewe kuelekea mdomoni. Shangazi akatazama dari.

"Mimi sijaona kitu," akasema.

Nikakirudisha kijiko sufuriani. Nilikoroga kwa kunusa na kutazama.

Darini nilielekea kusini, nikamwita mama kwa jina lake, nikaweka jani jipya kwa mkono wangu. Kunguru mmoja mnene akashuka. Akakizunguka chakula, akainamisha kichwa upande, akanikazia jicho moja, vilevile mama alivyokuwa akiutazama uji wangu.

"Kula, mama," nikamwambia kwa hasira. "Kula basi!"

Akala.