Siku Mzee Alipoitafuta Miwaya

Wapo wanaomshukuru Mungu kwa macho, wapo wanaomshukuru kwa miguu. Mimi namshukuru kwa sikio la kushoto la Mzee, mwajiri wangu, lile lililochoshwa na kelele za mota kwa miaka thelathini, ambalo siku hizi huyachukua maneno likaacha kicheko kinachoyasindikiza.

Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye meza nne, rafu za feni zilizokufa, na harufu ya vanishi inayokufuata hadi nyumbani hata ukioga. Tunatengeneza feni, pasi na pampu za maji. Mimi, binti pekee humo, nasuka mota: natoa waya wa shaba ulioungua na kusuka mwingine, mzunguko kwa mzunguko, nikihesabu moyoni. Kusuka nilijifunza chuoni, lakini kuhesabu huku mtu akiniongelesha nilifundishwa na Mzee. Kwa kuwa siongei sana waliniita Kimya, na jina likanikaa kama nililozaliwa nalo.

Nilichozaliwa nacho kweli ni virusi vya UKIMWI. Mama alifariki nikiwa mdogo, shangazi akanilea, akanizoesha kumeza dawa kila siku saa ile ile kama wengine wanavyozoeshwa kusali. Muuguzi wa kliniki huniambia virusi vimelala, kipimo hakivioni tena, na kwamba hakuna anayeambukizwa kwa kukaa meza moja na mimi wala kwa kushika nilichoshika. Lakini kazi yangu ya kwanza, katika duka la vifaa vya umeme, ilinitoka baada ya wenzangu kujua: nilianza kupewa kiti cha mbali, kisha nikapewa likizo ambayo mpaka leo haijaisha. Ndiyo maana nilipofika kwa Mzee nilitia pamba ndani ya chupa ya dawa ili vidonge visilie mkobani, na kwa miezi saba niliogopa jambo moja tu: siku Mzee atakapojua.

Aliyejua kwanza ni Plaizi, fundi wa pasi. Tunamwita hivyo kwa sababu akiibana habari haiachii. Shemeji yake aliniona kwenye foleni ya kliniki. Plaizi hakuniambia kitu, ila nilielewa. Nilimrudishia bisibisi yake, akaifuta kwa petroli mara mbili. Bonge, fundi wa pampu, mtu mwenye mwili wa jokofu na moyo wa mtoto, akaanza kunisalimia akiwa mlangoni. Wakati wa chai, benchi tulilokuwa tukibanana watu watatu likawa langu peke yangu.

Siku kumi zilipita hivyo. Siku ya kumi na moja nikakuta kikombe changu kimezungushiwa tepu nyekundu. Karakanani kwetu tepu nyekundu hufungwa kwenye kifaa kinachopiga shoti, ili mwenzako asikiguse. Sikulia. Niliinama nikajifanya natafuta skrubu iliyoanguka.

Mzee akaja kuchukua chai yake, akakiona. Akauliza tangu lini vikombe vikapiga shoti. Plaizi hakulitarajia swali. Akacheka kidogo, akasema kwa sauti ya pembeni:

"Ni Kimya huyu, Mzee. Amekanyaga miwaya."

Mtaani maneno hayo yana maana moja: mtu ana virusi. Husemwa na wanaopenda kusengenya bila kutaja jina la ugonjwa. Lakini Mzee si mtu wa mtaani, ni mtu wa mota, na lililokuwa upande wa Plaizi ni lile sikio la kushoto.

Akaweka chai chini. Uso wake ukawa majivu.

"Miwaya? Si mmoja?"

Hakungoja jibu. Alikimbia hadi ukutani, na sikuwahi kumwona akikimbia, akashusha swichi kuu. Feni ya darini ikazunguka kivivu, ikasimama. Akanirudia, akanikalisha, akataka nivue viatu aone nyayo. Aliuliza kama moyo unakwenda mbio, kama vidole vina ganzi, kama namwona vizuri. Aliniita mwanangu mara nne. Kisha, mzee wa watu, akapiga magoti na kuingia chini ya meza na tochi, akaamuru kila mtu atafute. Bonge alilala kifudifudi papo hapo. Plaizi alibaki amesimama, mdomo wazi kama soketi.

Mzee aliendelea kusema huko huko chini. Alisema mdogo wake wa mwisho alikanyaga waya mmoja tu, kwenye sakafu yenye maji, na alikuwa amekata roho kabla yeye hajaifikia swichi. Hatukuwahi kuisikia habari hiyo. Akasema, na huyu mnaniambia ni miwaya, nanyi mnakunywa chai.

Plaizi akajaribu kueleza kwamba si miwaya hiyo, ni ile nyingine. Mzee akauliza ipi, ya kuingiza umeme au ya kutoa. Bonge akaguna kwa kicheko, akakimeza.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo fani yangu. Lakini nilimtazama akipapasa saruji kwa kiganja, akitafuta kitu kilichomo ndani ya damu yangu, na magoti yake yalikuwa yakilia kama bawaba. Sikuweza.

"Mzee, toka huko chini. Hakuna waya. Wanamaanisha nina virusi vya UKIMWI. Na ni kweli, ninavyo tangu kuzaliwa."

Akatoka polepole, utando wa buibui umemshika nywele. Mimi moyoni nilishaanza kukusanya vitu vyangu: koleo, daftari, mkoba.

"Kwa hiyo umeme haujakupiga?"

"Haujanipiga."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mzee."

Akakaa pale pale sakafuni, akafunika uso kwa viganja, akamshukuru Mungu kwa maneno mengi, kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Alipotulia akauliza kama nameza dawa. Nikasema kila siku. Akauliza kliniki huwa nakwenda saa ngapi, maana hajawahi kuniona nikienda. Nikakiri kwamba siku hizo huaga kuwa shangazi anaumwa. Akasema nimwache shangazi wa watu apone sasa. Siku ya kliniki niseme ni ya kliniki. Basi. Jambo nililoliogopa kwa miezi saba lilichukua muda mfupi kuliko kumenya waya.

Ndipo akamgeukia Plaizi. Hakufoka. Alimwuliza kama anajua kazi ya tepu nyekundu, Plaizi akasema anajua. Akamtaka amwonyeshe mtu mmoja aliyewahi kupigwa shoti na kikombe kile.

Kumbe hakuna aliyekumbuka kumwambia Bonge ainuke. Sauti yake ikatoka chini ya meza ya Plaizi.

"Mzee. Waya upo."

Panya walikuwa wameutafuna waya unaopanda kwenye soketi. Shaba ilikuwa uchi, imebakiza upana wa kidole kuufikia mguu wa chuma wa kiti anachokalia Plaizi kila siku, na kando yake ilikuwapo ndoo yake ya maji ya kujazia pasi za mvuke. Plaizi alitazama shaba, akatazama kiti, kisha akatafuta mahali pa kukaa na hakukaa juu ya kile kiti.

Upenyo wa nyuma ya meza ulikuwa mwembamba. Mkono wa Bonge uliishia kwenye kiwiko. Nikaingia mimi. Nikakata kipande kilichotafunwa, nikaanza kuunga. Plaizi, bila kuambiwa, aliokota tochi ya Mzee, akapiga magoti kando yangu, akanimulikia. Bega lake likagusa bega langu. Hakuliondoa.

"Dada," akasema chini kabisa, "lile neno..."

"Mulika vizuri, sioni."

Sikutaka kumkomoa. Niliogopa kulia, na machozi na umeme havipatani. Akamulika vizuri. Nilimsikia akivuta kamasi, naye akasingizia vumbi.

Nilipotoka, Mzee alikuwa ukutani, mkono juu ya swichi kuu, akimsubiri aliyeunga waya aseme, maana kwetu ndiye hutoa ruhusa ya kuwasha. Bonge alikuwa amepanda benchi na viatu vyake, kwa usalama. Plaizi alikuwa bado ameshika tochi inayowaka.

Nikaangalia sakafu nzima, mguu wa kila mtu ulipo.

"Washa," nikasema, na sauti yangu ikafika mpaka mlangoni.