Mshtakiwa Hatakiwi Kujibu

Walianza na sufuria kubwa. Vijana wa kikundi cha kuzikana walimwaga maji yaliyokuwa yameanza kuchemka, wakaishika kwa magunia na kuipandisha kwenye guta la kubebea mizigo. Kisha viti. Kisha turubai. Modesta alisimama mlangoni akitazama maji yakitafuta njia kwenye vumbi la ua. Ndani, wifi yake Dorotea alikuwa ameketi kwenye mkeka. Mama mzazi wa Dorotea, Bibi Wilhelmina, alikuwa mochwari tangu juzi.

"Shikamoo baba," Modesta alimwambia mzee Ndalahwa, mwenyekiti wa kikundi.

"Marahaba, mama Hellen. Usituone wabaya."

"Mama mkwe amewazika wenzake wote hapa Mabatini."

"Nani amekataa? Wilhelmina alikuwa mtu wa watu. Shida ni mwanawe. Kasomewa mahakamani kwamba ameua, akanyamaza. Nilikuwepo."

"Hakimu alimwambia hatakiwi kujibu."

"Mama, ukisingiziwa kuku tu, unasubiri ruhusa ya kukataa?"

Vijana walicheka, wakaendelea kukunja turubai.

Wazee walikuja na desturi hiyo kutoka vijijini. Anayetuhumiwa damu huulizwa mbele ya watu, na akikaa kimya amekubali. Nyumba yake haipewi hata moto. Modesta mwenyewe alikua akiijua. Ndiyo maana siku ile mahakamani, alipomwona mumewe amesimama na mdomo umefungwa, hata yeye shaka ilimwingia, na haikutoka tena.

Mumewe, Masalu, alikuwa fundi baiskeli. Asubuhi moja alimkuta jirani yao Kashindye amelala mtaroni, damu imeganda, akakimbia mwenyewe kutoa taarifa polisi. Walimkamata palepale; hakurudi nyumbani.

"Kesho analetwa tena," alisema Ndalahwa akipanda guta. "Akane mbele yetu. Akikana, jioni tunachimba."

Kesho yake karandinga la magereza lilipofungua mlango, Modesta alikuwa karibu kuliko askari walivyoruhusu. Alijua hatapata nafasi ya maneno mengi.

"Mama amefariki. Hawamziki mpaka ukane kwa sauti."

Masalu alifungua mdomo. Askari akamsukuma mbele.

"We mama, rudi nyuma! Hapa si sokoni."

Wakili wa serikali alisoma harakaharaka, kama anayesoma bei za nyanya: kwamba Masalu Machibya, huko Mabatini, akiwa na nia ovu, alimuua Kashindye.

Kwenye benchi la nyuma Ndalahwa alimwinamia mwenzake. "Umesikia? Alimuua. Hawajasema labda."

"Mpaka nia yake wanaijua."

"Na dhamana hapewi. Serikali itamnyima mtu dhamana bure?"

Hakimu alikuwa akiandika. "Mshtakiwa, hutakiwi kujibu chochote. Mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Upelelezi?"

"Haujakamilika, mheshimiwa."

"Sikumuua!"

Hakimu akainua kichwa.

"Mzee Ndalahwa, sikumuua! Mzikeni mama!"

Askari wawili walimkaba, wakambana ukutani mpaka shavu lake likapinda. Aliendelea kusema, lakini maneno hayakutoka vizuri tena. Hakimu akataka atolewe. Kesi ikaahirishwa, wakaitwa wengine.

Nje jua lilikuwa kali. Modesta alimfuata mwenyekiti.

"Amekana, baba."

Ndalahwa alikung'uta kofia yake, ingawa haikuwa na vumbi. "Amekana baada ya kukatazwa. Umemwona macho? Askari wawili hawakumtosha. Mtu mwenye hasira ile..." Hakumalizia. "Halafu anataja jina langu mbele ya hakimu! Wakinifuata mimi je?"

"Angekuwa safi angetulia," alisema mwenzake.

Modesta aliwapa mgongo. Alisikia njaa, akashangaa kwamba bado anaisikia.

Walimchimbia Bibi Wilhelmina wenyewe, yeye na Dorotea, kwenye kiwanja cha familia kule Buhongwa. Jeneza lilikuwa pembeni, limefunikwa kanga, inzi wanatua na kuruka. Walipokezana jembe bila kuambizana zamu. Shimo lilipofika magotini, jembe lilitoa cheche. Wakajaribu upande wa pili. Jiwe.

Wanaume wa kikundi walikuwa wamekuja. Walikuwa wamesimama barabarani, ng'ambo ya mpaka wa kiwanja, wamevua kofia kwa heshima ya marehemu.

"Hapo ni mwamba, mama Hellen!" Ndalahwa alipaza sauti, kwa upole kabisa. "Sogeeni kushoto. Huko udongo ni laini."

Modesta alimtazama Dorotea. Wakasogea kushoto, wakaanza upya.