Kamba Chini ya Kigae cha Tatu

Fundi ujenzi alifika Jumatatu saa mbili asubuhi, akanywa chai aliyokaribishwa, kisha akamwomba mpishi wa nyumba asimame katikati ya jiko bila viatu. Watu walimwita Timazi, kwa sababu hakuna ukuta aliowahi kuujenga ukalala upande. Alitoa mfukoni kamba ya katani iliyokunjwa vizuri, akaanza kupima.

Kwa kazi ya jikoni hakutumia futi. Futi, alisema, inaujua ukuta lakini haimjui mtu. Alipima kutoka sakafuni hadi kiunoni, akafunga fundo: hapo ndipo kaunta ya zege ingefika, ili mpishi asiumie mgongo. Akapima hadi kwenye ncha za vidole vilivyonyooshwa juu, akafunga fundo la makabati. Kisha akamwambia atembee kama anavyotembea akipika, kutoka sinki kwenda kwenye jiko la umeme, kutoka jiko kwenda kwenye friji, na kila mguu ulipotua alifunga fundo jingine. Alipomaliza, kamba ilikuwa na urefu wa hatua saba.

Aliyepimwa aliitwa Shangazi. Watoto ndio waliomwita hivyo, na kwa kuwa wao ndio waliomwita mara nyingi kuliko wengine, nyumba nzima ilishika jina hilo. Alikuwa dada wa mwenye nyumba, mwanamke wa miaka arobaini na minne, na alikuwa amepika humo kwa miaka kumi na tisa, tangu mama yao alipofariki. Hakuna aliyemwomba aanze. Siku ya pili baada ya mazishi watu walikuwa na njaa, naye alikuwa amesimama karibu na sufuria. Mambo mengi ya ukoo huamuliwa hivyo, na hakuna anayeitisha kikao.

Safari hii, hata hivyo, Shangazi alikuwa na siku ya kuondoka. Fundi wa friji, mjane wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi, alikuja mwaka uliotangulia kutazama friji ya zamani. Alimfundisha Shangazi kupima mpira wa mlango kwa kipande cha gazeti: unafunga mlango juu ya karatasi, na karatasi ikichomoka bila kubishana, mpira umechoka. Tangu siku hiyo mpira wa friji ile ulipimwa kila wiki, na kila wiki ukaonekana una mashaka, na kila ulipoonekana una mashaka Fundi Baridi aliitwa. Wazee wake walileta posa. Kaka mtu aliipokea kwa tabasamu, ikakubaliwa kwamba Shangazi aende kwa Fundi Baridi Jumamosi ya kwanza baada ya jiko kukamilika. Alinunua sanduku la bluu. Alikuwa na furaha, na hakuona sababu ya kuificha.

"Nikishaondoka, wifi," alimwambia mke wa kaka yake, "usiingize chungu cha moto kwenye friji. Na mgongo wake upigwe brashi kila mwezi, vumbi likijaa inahema kama mgonjwa."

"Si utakuja kunikumbusha?" wifi yake alisema.

Mafundi wa aina ya Timazi wana kanuni moja. Kamba iliyompima mtu hurudishwa kwake. Kazi ikiisha, fundi hufungua mafundo yote mbele ya aliyepimwa, akamkabidhi kamba mkononi, naye huichoma moto au huitupa kwenye maji yanayokwenda. Timazi alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Lakini wifi alipigiwa simu kwamba jiko jipya, friji mpya na mashine ya kufulia vingeletwa Alhamisi, si wiki iliyofuata. Tangu hapo alisimama nyuma ya fundi akimuuliza kila nusu saa kama zege limeshika. Haraka haraka haina baraka, na Timazi alikuwa akiwaimbia methali hiyo wateja wake wote. Siku ile hakuiimba. Alitandaza kamba juu ya nondo ili anyooshe mstari wa sinki, akamwaga zege, akabandika vigae, akanawa mikono, akaenda zake. Kamba ilibaki humo.

Jumamosi saa nne asubuhi Fundi Baridi alikuwa nje ya lango na dada zake wawili, katika gari la kukodi lililooshwa vizuri. Shangazi aliwaaga watoto, akabeba sanduku lake, akatoka jikoni. Hatua ya saba ilitua kwenye kizingiti cha sebule. Ya nane haikutua. Mguu uliinuka, ukakaa hewani kidogo, ukarudi ulikotoka. Akajaribu kwa mguu wa kushoto. Akajaribu kinyumenyume. Akapitia mlango wa uani, akafika kwenye karo la kufulia na hakuvuka hapo. Hakuna kilichomuuma.

"Labda uchovu," wifi alisema. "Keti kwanza."

"Sijachoka. Nimefungwa."

Timazi alipoitwa alipapasa mifuko yake yote, mmoja baada ya mwingine, kisha akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nimeifukia," alisema. "Iliwahi kumtokea mwalimu wangu, nyumbani kwa mwoka mikate. Tulivunja siku ileile, yule mama akaenda sokoni."

Aliinuka akagonga vigae kwa kifundo cha kidole, akitega sikio, mpaka akafika kushoto kwa sinki.

"Iko hapa. Chini ya kigae cha tatu. Kazi ya nusu saa. Lakini nyumba ya mtu siivunji bila kauli yake. Bwana, unasemaje?"

Kaka aliitazama kaunta. Vigae vilikuwa vya rangi ya mchanga uliolowa, vimepangwa bila kosa, na mwanga wa dirishani uliteleza juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuwahi kuwa na kitu kizuri namna ile.

"Vigae hivi vimekwisha dukani," mke wake alisema. "Tulichukua boksi la mwisho."

"Na Jumatano mkurugenzi wangu anakuja kula hapa," alisema kaka. "Tuvunje baada ya Jumatano. Siku nne tu, dada yangu. Miaka kumi na tisa imepita, siku nne zitakushinda?"

Fundi Baridi alielezwa langoni. Aliona ni jambo la maana, siku nne si nyingi. Akawarudisha dada zake kwao.

Jumatano mkurugenzi alikula, akalisifu jiko, akapitisha kiganja juu ya kaunta. Baada ya Jumatano watoto walikuwa na mitihani, na vumbi la zege si zuri kwa mtu anayesoma. Baada ya mitihani zikaanza mvua, na kila mtu anajua zege jipya halikauki vizuri kwenye unyevu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kaka aliubeba huu wa dada yake bila kutoka jasho. Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia redio na kiti chenye mto. Godoro lake likahamishiwa stoo, kwa kuwa chumba chake kilikuwa hatua ya kumi na moja. Kwa bahati, choo cha uani kilikuwa hatua ya sita.

Siku moja mezani kaka akaona achangamshe watu. "Ndiyo maana wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Akacheka peke yake.

"Mimi si mgeni," Shangazi alisema kutoka kwenye kizingiti, akiwa ameshika bakuli la mchuzi. "Nimezaliwa nyumba hii. Nilizaliwa kabla yako."

Mtoto mdogo akaomba chumvi.

Shangazi alijaribu mwenyewe, bila shaka. Asubuhi moja, wengine walipokuwa kazini na shuleni, alichukua nyundo kutoka stoo akakipiga kigae cha tatu kwa nguvu zake zote. Nyundo ilitua kama imepigwa kwenye godoro. Akachukua mchi, akapiga tena na tena, na kigae hakikupata hata mkwaruzo. Mkono wake haukuwa na nguvu juu ya kamba yake. Nguvu za mkono mwingine wowote zingetosha. Akaketi sakafuni akalia kwa hasira hadi saa sita, ndipo akaosha uso akaweka maharage jikoni, maana watoto walikuwa wanarudi.

Timazi alipita mara tatu kuuliza kama kauli imepatikana. Mara ya nne alipita upande wa pili wa barabara.

Fundi Baridi alikuja Jumapili moja saa nne, na mfukoni mwa begi lake mlikuwa na nyundo na tindo. Aliingia moja kwa moja jikoni, akapiga goti mbele ya kaunta, akaweka tindo kwenye mstari wa kigae. Shangazi alisimama nyuma yake ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kaka akatokea mlangoni na gazeti lake.

"Karibu, shemeji," alisema. "Mbona hukubisha hodi?"

"Samahani, shemeji. Nilikuwa na haraka."

"Hakuna neno. Ila nikuulize kitu kimoja tu. Mimi nikija kwako, nikakuta ukuta siupendi, nauvunja?"

Fundi Baridi alifikiri. Alikuwa mtu wa adabu, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Alirudisha nyundo kwenye begi, na kwa kuwa alikuwa ameshapiga goti, akaisogeza friji na kuisafisha mgongo. Shangazi alimpa brashi. Walifanya kazi ile pamoja, na ilichukua zaidi ya nusu saa.

Aliendelea kuja kila mwezi. Waliketi yeye na Shangazi, mmoja kwenye kiti chenye mto, mwingine kwenye stuli, wakisikiliza redio. Wakati huo wifi alikuwa akiupanga upya ua. Mashine ya kufulia ilikuwa hatua ya tisa, ikasogezwa mpaka ya tano. Meza ya kupigia pasi ikaletwa hatua ya saba. Kabati la nguo za shule likafuata. Wifi aliwaambia rafiki zake kwamba siri ya jiko zuri ni kupanga kila kitu karibu, na rafiki zake wakaja kutazama, wakaandika vipimo. Mmoja wao aliuliza fundi aliyewajengea anapatikana wapi.

Vyombo vilizeeka, kama kawaida ya vyombo. Mikrowevu ilikufa mwaka wa pili. Mashine ya kufulia ikabadilishwa mkanda, jiko likabadilishwa koili moja. Shangazi peke yake hakuwahi kuharibika hata siku moja, na jambo hili lilitajwa nyumbani kwa fahari.

Mwaka wa tatu Fundi Baridi alikuja siku isiyokuwa yake, hana begi. Alisema amemwoa mwanamke mmoja, mshonaji, na kwamba ameona aje kusema mwenyewe kuliko Shangazi asikie kwa watu. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho. Moyo wake ulivunjika, na alijua kwamba unavunjika. Akamwambia maji yamechemka, atakunywa chai? Akanywa. Tangu siku hiyo friji ilikuja kutazamwa na fundi mwingine, mtu wa haraka ambaye hakupenda mazungumzo.

Mwaka wa sita kaka akahamishwa kikazi. Walianza kufunga mizigo. Makochi yalitangulia, vitanda vikafuata. Shangazi alisubiri mpaka wifi ametoka, akamwita kaka yake jikoni.

"Kaka, mnaondoka. Kaunta hii huihitaji tena. Vunja."

Kaka alitazama sakafu. "Tunapangisha, dada. Nikivunja sasa, nani atapanga nyumba yenye jiko bovu?"

"Basi nife humu?"

"Usiseme hivyo. Mpangaji akiingia, mwombe yeye. Nyumba itakuwa mikononi mwake, atakuwa na uamuzi. Mimi nitamwambia sina kinyongo."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Kabla hajatoka alimshika dada yake begani, na machozi yalimlengalenga kweli.

Karatasi ilibandikwa langoni kwa mwandiko mzuri wa wifi: vyumba vitatu, maji ya uhakika, ua uliozungushiwa ukuta, jiko la kisasa lenye friji, oveni, mashine ya kufulia na mpishi.

Watu wa kwanza walikuja Alhamisi mchana, mume na mke wenye watoto wanne. Mume alikwenda kuangalia paa na kaka. Mke akaja jikoni. Alikuwa na uso wa huruma, na alimwamkia Shangazi vizuri kabla ya kugusa chochote. Alifungua bomba, akalifunga. Alifungua makabati yote. Alimuuliza Shangazi kama anaamka mapema, kama ana maradhi yoyote, na friji inakula umeme kiasi gani. Shangazi alijibu yote matatu kwa ukweli.

"Na mimi nina ombi, mama," alisema kisha. "Chini ya kigae hiki kuna kamba yangu. Nataka kuondoka. Ukimwambia mumeo apige hapa mara tatu nne, nitakuombea kheri mpaka siku yangu ya mwisho."

Mwanamke alimsikiliza bila kumkatiza. Aliinama akakitazama kigae, akapitisha kidole kwenye mstari wake, taratibu, kuanzia ukutani hadi ukingoni.

"Vigae vizuri namna hii?" alisema kwa upole.

Akafungua mlango wa oveni akachungulia ndani, akauliza kama inashika moto sawasawa pande zote.

"Upande wa kulia unawahi kuunguza," Shangazi alisema. "Muda ukifika nusu, geuza trei."